Watangazwa wa Sikizani

Watu wengi wameniuliza habari za Sikizani, na wengi huuliza wakiwa tayari na jibu lao mfukoni, kwa hiyo nimeona niandike niliyoyaona kwa macho yangu na niishie hapo. Mimi ni mpima ardhi mstaafu. Kwa miaka thelathini kazi yangu ilikuwa kuweka nguzo pale mpaka ulipo, si pale mwenye shamba anapopenda uwe, na tabia hiyo haijanitoka. Nilikaa Sikizani siku tisa. Nilirudi nimekonda, na mpaka leo nikisikia kengele, hata ya baiskeli, moyo hunienda mbio.

Ni nchi ya vilima vifupi na nyumba nyeupe, na sebuleni mwa kila nyumba kuna redio juu ya kijimeza chenye kitambaa kilichodariziwa. Redio haizimwi. Watu hula ikisema, hulala ikisema, na wakigombana hugombana kwa kunong'ona ili wasiikatize. Vituo ni viwili, Redio Mwangwi na Redio Mapambazuko. Havipendani hata kidogo, lakini hakuna kimoja kinachoweza kuishi bila mwenzake, na sababu yake nitaieleza itakapofika zamu yake.

Jambo kubwa kuliko yote hewani ni kifo cha mtu mashuhuri. Kila kituo kina kabati la rambirambi, na mimi nilifunguliwa moja nikalitazama: majalada mia mbili na arobaini ya waimbaji, wachezaji na waigizaji, kila moja na historia ya marehemu, salamu za huzuni na nyimbo za kupigwa. Wenye majalada wote walikuwa wazima. Kila mwaka huitwa kituoni kuhakiki tarehe zao. Wanakwenda wamevaa vizuri, na yule ambaye hajaandaliwa jalada huona haya hata kwenda harusini.

Habari ya kifo hutanguliwa na kengele tatu, na habari ya mazishi vilevile. Kengele hizo hazipigwi kwa jambo jingine lolote. Nyumba iliyofiwa huifunika redio yake kwa shuka jeupe, haisikilizi tena kitu chochote, mpaka kengele zilie mara ya pili ndipo shuka lifunuliwe na mazishi yasikilizwe. Na ndugu wa damu, wa tumbo moja, hatii chakula kinywani mpaka mazishi yatangazwe. Maji tu. Nilipoelezwa desturi hii niliiona nzuri, ina heshima, na niliiandika katika daftari langu kwa kalamu ya wino. Sikujua itanikosesha usingizi.

Nilipanga chumba kwa Bi Raya Mkongea. Alikuwa mwimbaji aliyewahi kujaza viwanja, sasa ana miaka sabini na mmoja na magoti yanayomsumbua, na alikuwa akiishi peke yake na paka. Hakuwa na ndugu mdogo. Alikuwa na dada tu, Bi Mwanatumu, mkubwa kwake kwa miaka mitano, anayekaa Ngongwe, upande wa pili wa vilima, ambako simu hazishiki. Bi Raya alimsema dada yake kila siku tukiwa mezani. "Dada yangu mpishi, sikatai," alikuwa akiniambia, "lakini mkono wake mzito wa chumvi. Tangu tuko wasichana namwambia, hasikii. Ukila kwake unakunywa mtungi mzima." Kisha angeongeza, "Ana kisukari siku hizi. Akichelewa kula anaanguka."

Siku yangu ya tano, saa sita mchana, tulikuwa sebuleni, yeye akichambua mchele kwenye sinia na mimi nikisugua mafuta kwenye viatu vyangu. Kengele tatu zikalia. Bi Raya akasimamisha mkono juu ya sinia. Akasema, "Nani tena, masikini?"

Msomaji alikuwa Habibu Kiziwanda wa Redio Mwangwi, sauti inayopendwa kuliko zote nchini, nzito na ya upole. Akasema kwa masikitiko makubwa kwamba mwanamuziki nguli, Bi Raya Mkongea, amefariki dunia asubuhi hiyo nyumbani kwake baada ya kuugua kwa muda mfupi. Kisha wimbo wake ukaanza.

Nina jambo la kukiri. Nilimgeukia Bi Raya nikamtazama, na kwa muda wa pumzi moja au mbili sikumwamini yeye, niliiamini redio. Nilitazama kama kifua chake kinapanda na kushuka. Yeye aliliona hilo. Sijawahi kuona aibu kama ile.

"Na wewe, mgeni?" akaniuliza.

"Samahani, Bi Raya."

Aliweka sinia chini, mchele ukamwagika kidogo, paka akakimbia. Nilidhani atalia kwa ajili yake mwenyewe, au atacheka. Alisema, "Dada." Akalisema tena. Ndipo nami nikaelewa. Bi Mwanatumu husikiliza habari za saa sita, hajawahi kuzikosa. Wakati ule tulipokuwa tukitazamana, yeye alikuwa ameshaifunika redio yake na ameshasukuma sahani pembeni. Ataketi hivyo na kisukari chake mpaka mazishi yatangazwe, na mazishi hayatakuwapo, kwa sababu maiti alikuwa sebuleni anatafuta viatu.

Viatu alivipata, lakini hakutoka. Kabla hajafika mlangoni alitokea bwana mmoja mwenye kitambulisho shingoni, mpole sana, akampa pole kisha akamsomea kanuni. Mtu aliyetangazwa kufa huitwa mtangazwa, na mtangazwa haruhusiwi kuonekana hadharani mpaka suala lake litolewe taarifa, ili asiathiri uchunguzi. Bi Raya alimwambia, "Baba, mimi mzima." Yule bwana akajibu kwamba analiona hilo na linampa faraja, akaweka kiti nje ya mlango, akaketi.

Basi nikaenda mimi. Nilikwenda kwanza Idara ya Masahihisho, nikiamini sahihisho lingefika Ngongwe upesi kuliko miguu yangu. Ni jengo zuri lenye ngazi pana na maua. Ndani palikuwa kimya. Katibu wake, Bwana Kilonzi, alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi mwenye meza tupu kabisa, akanipokea kwa furaha ya mtu asiyetembelewa.

"Miaka kumi na tisa niko hapa," aliniambia, "na hatujafanya sahihisho hata moja. Unaweza kuona jinsi vituo vyetu vilivyo makini."

Nikamweleza kwamba Bi Raya yu hai, nimemwacha sebuleni. Akaandika. Akaniuliza nani anathibitisha. Nikasema yeye mwenyewe. Bwana Kilonzi akaweka kalamu chini kwa huruma.

"Yeye ana maslahi katika jambo hili, ndugu yangu. Hawezi kujithibitisha."

"Mimi, basi."

"Wewe mgeni, tena ni mmoja. Sheria inataka vyanzo viwili."

Nikamwuliza kama habari ya kifo nayo ilikuwa na vyanzo viwili. Akasema ndiyo, bila shaka, akanionyesha. Chanzo cha Redio Mwangwi kilikuwa Redio Mapambazuko. Chanzo cha Redio Mapambazuko kilikuwa Redio Mwangwi. Mfanyakazi mmoja wa Mapambazuko alikuwa amechukua sahani za santuri za Bi Raya maktaba asubuhi ile, kwa ajili ya harusi ya binti yake. Mtu wa Mwangwi akamwona, akajua zinaandaliwa za msiba, akakimbia kituoni. Mwangwi wakapiga simu Mapambazuko kuuliza kama nao wanayo habari hiyo. Mapambazuko, kwa kuogopa kuonekana hawana, wakasema wanayo. Nilimsimamisha Bwana Kilonzi hapo nikamwomba anisomee tena, maana nilidhani nimekosea kuelewa. Sikuwa nimekosea.

"Kuna sharti jingine," aliendelea. "Sahihisho husomwa na koo lilelile lililosoma kosa. Halisomwi na mwingine. Na msomaji akishasoma sahihisho, hashiki tena kipaza sauti maisha yake yote."

"Kwa nini?"

"Nani atamwamini?" alisema Bwana Kilonzi, na alilisema kwa moyo safi kabisa.

Aliposikia kwamba nakwenda Redio Mwangwi alinisindikiza mpaka ngazini, akanikumbusha niwe mwangalifu na suala la kengele. Kengele tatu zikishalia, alisema, lazima jina la mtu lifuate, na jina hilo lipate mazishi. Zikilia bure, nchi nzima inabaki imetega masikio na haijui imlilie nani. Haijapata kutokea, na isitokee. Nilimwahidi nitakuwa mwangalifu, ingawa kengele si zangu.

Kituoni Redio Mwangwi kila mtu alikuwa na haraka. Mhariri Mkuu, Bi Nunuu Kitwana, alinipokea huku akisikiliza kituo cha wenzake kwa sikio moja. Alikuwa mwanamke mwenye akili nyepesi na macho mekundu ya kukosa usingizi, na nikiri kwamba nilimpenda, maana hakunidanganya.

"Najua yuko hai," alisema. "Nilijua saa sita na robo. Sasa nifanye nini? Nikimtoa Habibu asahihishe, nimempoteza Habibu. Mapambazuko watabaki peke yao hewani na marehemu wao, na watu watawasikiliza wao."

"Kuna mama mgonjwa Ngongwe anafunga kwa ajili ya habari yenu."

Alifumba macho. "Tutasoma taarifa ya ziada," akasema.

Na aliisomesha kweli, saa kumi alasiri. Niliisikia nikiwa nimekaa kwenye benchi la mapokezi. Ilisema kwamba marehemu Bi Raya Mkongea amekanusha taarifa za kifo chake, na kwamba familia bado haijathibitisha. Kisha kikafuata kipindi cha mjadala. Mwalimu mmoja wa chuo alitoa hoja kwamba Bi Raya amekufa, na wakili mmoja alitoa hoja kwamba yuko hai, na kila mmoja alipewa dakika zilezile. Wasikilizaji walipiga simu. Wengine walisema wameona jeneza likipita, mmoja alisema aliota. Mwishoni mwendesha kipindi, kwa nia njema, aliwasogeza wahusika wakutane katikati, na wakakubaliana kwa muda kwamba Bi Raya ni mahututi. Watu waliokuwa mapokezi walipumua, wakaona ni msimamo wa busara. Mimi nilikuwa nikifikiria mashuka meupe. Hata ingesomwa taarifa iliyo nyoofu kama uzi wa fundi, nyumba iliyoumizwa na habari ile ndiyo nyumba pekee isiyosikiliza, kwa kuwa taarifa ya ziada haina kengele.

Nilimrudia Bi Nunuu nikamwambia hivyo. Alifikiri kidogo, akafunga mlango.

"Iko njia moja," akasema. "Tutangaze mazishi."

"Ya mtu aliye hai?"

"Kengele zitalia, shuka litafunuliwa, dada atasikia amezikwa, atakula. Habibu anabaki na kazi yake. Ila jina la Bi Raya litakuwa limefungwa. Hataimba tena, hatatajwa isipokuwa kwa sala, hatatoka nje mchana. Mwulize mwenyewe."

Nilirudi na maneno hayo nikitembea polepole, nikitumaini nitafika yamesahaulika. Bi Raya alikuwa ameketi pale pale na alikuwa ameshamaliza kuuokota mchele wote uliomwagika, punje moja moja. Nilimweleza kila kitu. Aliniuliza swali moja tu, kama mazishi yanaweza kutangazwa leo hii. Nikasema ni kesho saa sita, ratiba imejaa.

"Basi wanizike kesho," alisema. "Waambie wasichelewe. Dada hawezi kuvuka kesho kutwa."

Nilijaribu kumwambia afikiri kwanza. Alinikatiza. "Mgeni, mimi nyimbo zangu nimeshaimba. Dada ninaye mmoja." Akaniomba nimletee maji. Alikuwa akiogopa, na alisema hivyo waziwazi, kwamba anaogopa sana, lakini anaogopa zaidi kubaki hai peke yake.

Kesho yake asubuhi nilipeleka kibali chake kituoni. Habibu Kiziwanda alikuwepo. Nilishangaa kumwona ni mtu mfupi, mwenye kikohozi, amevaa sweta iliyotoboka kiwiko. Aliisoma karatasi ya Bi Raya, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kingine, akaniuliza, "Alisema nini hasa?" Nikamweleza habari ya dada na habari ya chumvi. Sijui kwa nini nilimwambia na ya chumvi. Akatikisa kichwa, akaingia studio.

Nilikimbia nikawahi nyumbani. Saa sita kengele zikalia, moja, mbili, tatu. Bi Raya alikuwa amenyoosha mikono juu ya magoti. Habibu alianza, "Mazishi ya mwanamuziki nguli, Bi Raya Mkongea," akanyamaza. Nilitazama saa yangu. Ukimya ulikuwa wa sekunde kumi na moja. Kwa nchi ile ni muda wa kutisha. Nje niliona watu wamesimama barabarani. Kisha akasema, bila ile sauti nzito, kwa sauti ya mtu wa kawaida mwenye kikohozi:

"Bi Raya hajafa. Nilikosea mimi, Habibu. Bi Mwanatumu wa Ngongwe, kula chakula, mama."

Palisikika vishindo, mlango ukafungwa, na muziki ukawekwa. Habibu hajasikika tena mpaka leo.

Bi Raya alilia, nami nililia, na yule bwana mwenye kitambulisho aliinua kiti chake kutoka mlangoni akampa mkono wa pongezi. Nilifungua daftari nikaandika kwamba Sikizani kuna mtu mmoja mkweli. Nilikuwa na haraka ya kufunga hesabu, kasoro niliyowakataza vijana wangu wa kazi mara nyingi.

Maana kengele zilikuwa zimelia na hakuna aliyezikwa. Nchi nzima ilikuwa imetega masikio inasubiri jina. Mchana ule simu za vituo vyote viwili hazikunyamaza. Watu walidai waambiwe wamlilie nani, na Bwana Kilonzi, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa, alionekana akikimbia. Saa kumi kengele tatu zikalia tena. Sauti ilikuwa mpya, ya kike, yenye kutetemeka kwa kuwa ndiyo siku yake ya kwanza. Ikasema kwamba Bi Mwanatumu Mkongea wa Ngongwe, dada wa mwanamuziki Raya Mkongea, amefariki dunia kutokana na mshtuko wa msiba wa mdogo wake.

Vyanzo vilikuwa viwili. Majirani wawili wa Ngongwe walikuwa wameona asubuhi ile jiko la Bi Mwanatumu halitoi moshi tangu jana yake.

Nilimwambia Bi Raya pale pale, "Halitoi moshi kwa kuwa alikuwa amefunga. Amefunga kwa ajili yako. Ni kosa lilelile." Nilimshika mikono. Nilimwambia kwamba jana saa kama hii yeye mwenyewe alikuwa maiti, na tazama, anapumua.

"Kwangu walikosea," alisema. "Haimaanishi kwake wamekosea. Mgonjwa yule."

Aliinuka, akaenda kabatini, akatoa shuka jeupe. Alilikunjua taratibu, akaifunika redio, akapangusa mikunjo kwa kiganja. Ugali na samaki nilivyokuwa nimepika vilikuwa mezani. Alivisukuma. Yule bwana wa mlangoni, aliyekuwa amekirudisha kiti chake kengele zilipolia tena, alivua kofia yake. Nilikasirika kuliko nilivyowahi kukasirika katika umri wangu, nikatamani kuitupa ile redio kisimani pamoja na kitambaa chake, na sikuitupa, kwa sababu hata mimi nilikuwa na sehemu moja ndogo ya moyo iliyokuwa ikijiuliza: je, kama safari hii ni kweli?

Alfajiri nilikuwa njiani. Nilifika Ngongwe kabla ya adhuhuri, na mbele ya nyumba ya Bi Mwanatumu nilikuta kiti, na juu ya kiti bwana mwenye kitambulisho, pacha wa yule mwingine kwa upole. Aliniruhusu kuingia kutoa pole.

Nilimkuta jikoni. Alikuwa mwembamba, mrefu, na alikuwa akipuliza moto kwa hasira.

"Wewe ndiye mgeni wa Raya," alisema kabla sijasema kitu. "Umechoka. Kaa."

Nikakaa kwenye kibao cha mbuzi cha kukunia nazi. Nikamwuliza hali yake.

"Nimekufa jana saa kumi," alijibu. "Nilikuwa na bakuli la uji mkononi. Yule baba Habibu kaniambia nile, nikapika uji, nikala, nikashukuru Mungu, nikachota wa pili, nasikia nimefariki kwa mshtuko. Na mie hapa nakunywa uji." Alichochea kuni. Kisha uso wake ukabadilika, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Raya anakula?"

"Hali. Ameifunika redio."

"Si umemwambia?"

"Haniamini mimi. Anaiamini redio."

Nilitarajia atashangaa. Hakushangaa. Alisema kwamba hata yeye, siku ile ya kwanza, jirani alikuja kumwambia kamwona Raya dirishani, akamfukuza. Yeye hakuweza kutoka, bwana wa mlangoni alikuwa hapo. Habibu hakuwapo tena wa kuokoa mtu yeyote, na yule binti mwenye sauti ya kutetemeka asingeweza kuzika kazi yake siku ya pili tu. Nilimwomba aniandikie barua. Akasema hajui kuandika, na Raya anajua hajui. Nikamwomba kitu chake, kanga, pete. Akasema vitu vya maiti huchukuliwa na kila mtu.

Kisha akanitazama muda mrefu, akavuta sufuria ndogo, akabandika. Alipika maharage na nazi. Nilimwona alipofika kwenye kopo la chumvi: aliingiza mkono mzima, si vidole, akamimina kama anayepanda mbegu. Hakuonja. Alifunika, akaifunga sufuria kwa kitambaa, mafundo mawili, akanikabidhi mikononi ikiwa ya moto.

"Asile yote," alisema. "Aonje tu. Mwambie nimesema aonje."

Njia nzima sikuweka sufuria ile chini. Watu niliopishana nao waliniuliza kama napeleka chakula msibani, nikawajibu ndiyo, kwa kuwa sikuwa na nguvu za kueleza. Niliogopa kujikwaa. Niliogopa kumkuta amelala kitandani ameelekea ukutani, amekufa kweli. Jua lilikuwa linakaribia kuzama nilipofika, na Bi Raya alikuwa kwenye kiti chake, midomo imekauka, macho makubwa, anautazama mlango.

"Nimemwona," nilimwambia. "Yuko jikoni kwake. Mkali."

"Umefanya vizuri kunifariji, mwanangu."

"Kasema uonje."

Akageuza uso. Akasema ndugu wa damu hali. Nikamwambia sikumwambia ale, nimemwambia aonje, na mimi ni mtu mzima nimevuka vilima mara mbili kwa siku moja, sitaki mengine. Nilipiga magoti, nikafungua mafundo, nikafunua. Yule bwana wa mlangoni alikuwa ameingia ndani bila kujijua, anachungulia. Bi Raya alichovya ncha ya kidole kimoja kwenye mchuzi, akaipeleka ulimini.

Alibaki hivyo, kidole kimegusa mdomo. Mikunjo ya uso wake ikaanza kutikisika.

"Chumvi," alisema. "Mwanatumu huyu. Miaka sitini namwambia."

Akaivuta sufuria magotini kwake, akaomba kijiko na mtungi wa maji, akala maharage yote akilia na kugombana na mtu ambaye hayupo. Yule bwana alitoa kitabu chake cha taarifa, akakitazama, akakirudisha mfukoni, akaenda kuleta maji.

Niliondoka Sikizani siku mbili baadaye. Kwa mujibu wa majalada ya nchi ile, Bi Mwanatumu alizikwa Alhamisi, mazishi yalihudhuriwa na watu wengi, na Bi Raya bado ni mahututi. Naambiwa kila wiki mtu huvuka vilima na sufuria iliyofungwa mafundo mawili, kutoka nyumba moja kwenda nyingine, na sufuria hurudi na maneno ya kulalamikia chumvi. Asubuhi ile ya kuondoka, nilipokuwa nafunga mizigo, niliuliza kama niondoe lile shuka jeupe, maana msiba umekwisha. Bi Raya aliitazama redio kidogo, akampakata paka wake, akaniambia niiache vivyo hivyo.